Maswali na Majibu: Leseni ya Pombe kwa Mgahawa Mdogo Uingereza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu wanaoendesha migahawa midogo huko Uingereza: wa pilau na mishikaki, wa nyama choma, wa chapati na maharage. Kila mmoja ameuliza kwa namna yake, lakini wanachotaka kujua ni kimoja: halmashauri inatazama nini inapoamua nani auze bia na mvinyo na nani asiuze? Majibu yetu yanafuata Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, inayotumika England na Wales. Walio Scotland wana sheria yao ya mwaka 2005 na bodi zao za leseni, na Ireland ya Kaskazini nayo ina yake. Hao wasitumie ada wala tarehe za hapa.

Shikamooni wahariri. Nina mgahawa wa meza tisa mjini Leicester, nakaa Oadby. Wateja wanaulizia bia kila siku. Naanzia wapi na nitumie kiasi gani? — Msomaji wa kike, Leicester

Marahaba, dada. Leseni ni mbili, na ndipo wengi wanapochanganya. Moja ni ya jengo: inaruhusu pombe kuuzwa mahali hapo, na hutolewa na halmashauri ya ulipo mgahawa. Nyingine ni ya mtu binafsi: inakuruhusu wewe kuuza au kuidhinisha wengine wauze, na hutolewa na halmashauri ya unakolala. Kwako wewe basi ni ofisi mbili, Leicester kwa jengo, Oadby kwa leseni yako binafsi.

Anza na hiyo binafsi, ndiyo nyepesi. Uwe umetimiza miaka 18, ufaulu kozi ya ngazi ya pili ya wenye leseni binafsi (kwa kawaida ni ya siku moja, na mtihani wa kuchagua majibu), uwe na cheti cha msingi cha DBS (kinachoonesha rekodi yako ya jinai), picha mbili, uthibitisho wa haki ya kufanya kazi nchini na pauni 37. Kinachowaangusha watu ni DBS. Cheti hicho kisizidi mwezi mmoja tangu kitolewe, na wengi hukikimbilia mwanzoni, kisha wanakaa wakisubiri majibu ya mtihani mpaka kimepitwa na wakati. Maliza mtihani kwanza, DBS iwe ya mwisho. Leseni yenyewe haina tarehe ya kwisha tangu 2015, ila ukihama nyumba lazima uitaarifu halmashauri iliyoitoa.

Kwa leseni ya jengo, ada hutegemea thamani inayotumika kukokotoa kodi ya biashara ya jengo lako. Isiyozidi pauni 4,300, unalipa 100 kuomba na 70 kila mwaka. Kati ya 4,301 na 33,000 ni 190 kuomba, 180 kwa mwaka. Kati ya 33,001 na 87,000 ni 315, kisha 295. Juu ya hapo yapo madaraja mengine mawili, ila kwa meza tisa huenda usiyafikie. Aliyezoea leseni za nyumbani za kuhuisha kila mara akumbuke kwamba hii haihuishwi, bali ada ya mwaka isipolipwa halmashauri inalazimika kuisimamisha. Ukiuza chupa moja ikiwa imesimamishwa, umeuza bila leseni.

Maombi yana fomu, ramani, ada, na karatasi ya ridhaa ya msimamizi mteule, yule ambaye ofisini wanamwita kwa herufi DPS. Lazima awe na leseni binafsi, na anaweza kuwa wewe mwenyewe. Si lazima awepo dukani kila saa, lakini jengo lisilo na msimamizi mteule haliuzi pombe hata kwa siku moja. Ramani isomeke wazi na ioneshe kuta, milango ya kutokea, ngazi, vyoo, jiko, vifaa vya zimamoto, na eneo ambalo pombe itauzwa. Si lazima uchorewe na msanifu majengo. Mtu makini mwenye futi na rula anaweza kuichora ikakubaliwa. Ukiomba kwa mtandao, halmashauri yenyewe inawapelekea nakala polisi, zimamoto, watu wa kelele na afya ya mazingira, mipango miji na wengineo. Ukipeleka makaratasi, kazi hiyo ni yako, na nakala zote zitoke siku ileile.

Kisha tangazo. Ubandike mlangoni karatasi ya bluu iliyopauka, isiyopungua ukubwa wa A4, kwa herufi nyeusi za ukubwa wa 16 au zaidi, kwa siku 28 mfululizo kuanzia kesho yake baada ya maombi kupokelewa. Pia utangaze mara moja katika gazeti la eneo lako ndani ya siku 10 za kazi. Hapo kwenye gazeti usishangae bei ikipita ada ya halmashauri yenyewe. Uliza magazeti mawili matatu kabla ya kulipa. Karatasi ya bluu nayo ina visa vyake. Kuna anayeiweka nyuma ya kioo cheusi, kuna anayeibandika juu ya mlango ambako mpita njia haisomi, kuna ambayo jua limeipausha ikawa nyeupe. Ofisa akipita akaona kasoro, siku 28 zinaweza kuanza upya. Iweke ndani ya plastiki, kimo cha macho, upande wa barabarani, na uipige picha kila siku chache ili uwe na ushahidi.

Tumeacha kwa makusudi sehemu nzito kuliko zote. Fomu inakuuliza utafanya nini kulinda malengo manne ya sheria: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero kwa umma, na kuwalinda watoto wasidhurike. Utakachoandika pale kinageuzwa kuwa masharti ya leseni, na sharti ukilivunja ni kosa la jinai. Watu hunakili majibu ya baa kubwa kutoka mtandaoni wakidhani wingi wa ahadi unapendeza. Wanajikuta wameahidi walinzi wawili mlangoni kila Ijumaa, kwenye mgahawa wa viti 30. Andika machache unayoweza kuyatimiza siku ambayo mpishi ameugua na wewe uko peke yako: pombe itauzwa kwa walioketi na wanaokula, kila anayeonekana chini ya miaka 25 ataombwa kitambulisho, kutakuwa na daftari la waliokataliwa kuuziwa, wafanyakazi watafundishwa na mafunzo yaandikwe, chupa tupu hazitamwagwa nje usiku.

Siku 28 zikipita bila pingamizi halali, halmashauri haina hiari: lazima ikupe leseni. Hakuna kikao, hakuna diwani wa kumbembeleza.

Na neno kuhusu visa. Anayeomba kwa jina lake mwenyewe lazima awe na haki ya kufanya kazi ya namna hiyo. Mwanafunzi ambaye visa yake inamkataza kujiajiri asijipalie makaa. Mwenye kibali cha muda ajue kwamba haki yake ya kufanya kazi ikikoma, leseni nayo inakoma.

Wahariri, tumeomba leseni ya mgahawa wetu Reading. Polisi wamejibu kwa masharti saba, na jirani anayekaa ghorofa ya juu yetu ameandika kurasa mbili za kupinga. Tumeitwa mbele ya kamati. Tuajiri wakili? Tutasema nini? — Mume na mke, Reading

Kwanza tulieni. Kikao si kesi ya jinai. Mtawakuta madiwani watatu wa kamati ndogo ya leseni, mshauri wao wa sheria, na ofisa wa leseni atakayesoma ripoti. Kikao hufanyika ndani ya siku 20 za kazi tangu siku 28 zilipoisha, na mtapewa taarifa siku 10 za kazi kabla. Jibuni taarifa hiyo kwa maandishi kwamba mtahudhuria, angalau siku tano za kazi kabla. Pande zote hupewa muda sawa wa kusema, na nyaraka mtakayoileta asubuhi ya kikao haipokelewi mpaka kila upande uridhie. Kwa hiyo kila kitu kitumwe mapema.

Sasa tazameni barua mbili hizo kwa macho tofauti.

Ya polisi ni mwaliko wa mazungumzo, ingawa imeandikwa kwa sauti ya amri. Ofisa wa leseni wa polisi ana orodha ya masharti anayoitumia kwa kila mtu. Mpigieni simu, kisha mthibitishe kwa baruapepe. Kamera za kuhifadhi picha siku 31? Kubalini, lakini kwanza nendeni mkaangalie kinasa picha chenu kina diski ya ukubwa gani. Vingi vya bei nafuu hufuta picha baada ya wiki mbili, na mkikaguliwa siku ya ishirini mmeshavunja sharti. Mlinzi mwenye kibali mlangoni Ijumaa na Jumamosi? Kataeni kwa upole, mpendekeze kwamba mtapima hatari kwa maandishi na kuweka mlinzi pale tu hafla inapohitaji. Mwenye leseni binafsi awepo "wakati wote"? Hilo ni mtego. Mkiwa na mwenye leseni mmoja tu, hamtaweza kwenda hata mazishini bila kufunga kaunta. Ombeni isomeke "atapatikana kwa simu", au mtu wa pili asome kozi. Neno "wakati wote" popote mtakapoliona, simameni mlifikirie. Mkiafikiana, polisi huondoa pingamizi lake, na hapo anabaki jirani peke yake. Mbele ya madiwani hilo lina uzito, maana polisi ndio wanaosikilizwa zaidi katika mambo ya uhalifu na fujo.

Barua ya jirani ichambueni sentensi moja moja. Kisheria pingamizi lazima lihusu athari inayotarajiwa juu ya yale malengo manne. Akisema mtaa umeshajaa baa, kwamba hakuna haja ya nyingine, hilo si jambo la kamati: sheria haiulizi kama soko linahitaji. Akisema bei ya nyumba yake itashuka, nalo halimo. Lakini akisema viti vinaburutwa sakafuni usiku wa manane, muziki wa besi unapenya dari, wavutaji sigara wanasimama chini ya dirisha la mtoto, hayo ndiyo kero kwa umma na kamati itayasikiliza. Msimdharau. Nendeni mkamwone kabla ya kikao, na mwende na mapendekezo: vitambaa vya sufi chini ya miguu ya viti, spika zitoke kwenye dari zikae chini juu ya mpira, wavutaji wapewe mahali pengine, chupa zisimwagwe kwenye pipa kati ya saa tano usiku na saa mbili asubuhi, pombe ikome kuuzwa nusu saa kabla ya kufunga ili watu wamalize na kutoka taratibu. Akiridhika anaweza kuondoa pingamizi saa 24 kabla, au hata kwa mdomo palepale. Asiporidhika, mapendekezo hayo yatumeni kwa kamati yakiwa yameandikwa kama masharti tayari kunakiliwa. Madiwani wanaopewa sharti lililokwisha kuandikwa vizuri hawahangaiki kubuni la kwao, na la kubuniwa mezani mara nyingi ndilo baya.

Siku yenyewe, anayeongea awe mmoja. Waonesheni madiwani menyu yenye bei, idadi ya viti, ramani, na daftari la mafunzo. Lengo ni moja: waone mgahawa, wasione baa. Saa za kuuza nazo zitasema mengi kuliko maneno yenu. Kuomba mpaka saa nane usiku kwa mahali panapouza wali na kuku kunazua maswali yasiyo ya lazima; tungekuwa sisi tungeomba saa tano, tukakaa mwaka bila malalamiko, halafu ndiyo tuombe kuongeza.

Wakili? Kwa mgahawa wa viti 30 na jirani mmoja, hapana. Mtafuteni ikiwa polisi wanang'ang'ania mkataliwe kabisa, au kama mko katika eneo ambalo halmashauri imetangaza kwamba leseni zimerundikana, kama sehemu za West End huko Westminster. Hata huko mgahawa una nafuu. Westminster ina sharti lake maalumu la migahawa: mteja aketi, ahudumiwe mezani, na pombe iwe nyongeza ya mlo kamili. Mnaweza kujipendekezea sharti la aina hiyo popote mlipo.

Uamuzi hutoka siku ileile au ndani ya siku tano za kazi. Ukiwa mbaya, rufaa ni kwa mahakama ya mahakimu ndani ya siku 21 tangu mtaarifiwe. Jirani naye ana haki hiyohiyo mkishinda. Kabla ya kukimbilia mahakamani, ambako aliyeshindwa anaweza kuamriwa kulipa gharama, fikirieni kuomba upya kwa saa fupi na masharti bora. Hakuna kipindi cha kungoja.

Nimenunua mgahawa Manchester. Leseni ya pombe imetundikwa ukutani, ina jina la kampuni ya mwenye zamani. Ananiambia niendelee tu. Ni kweli? — Msomaji, Manchester

Usiendelee, kaka. Leseni haihami pamoja na funguo. Peleka ombi la kuhamishiwa, pauni 23, likiwa na ridhaa ya mwenye zamani kwa maandishi, na uweke alama kwenye fomu kwamba unataka lianze kufanya kazi mara moja. Hapo unaweza kuuza huku polisi wakiwa na siku 14 za kuangalia. Kama msimamizi mteule alikuwa yeye, peleka ombi la pili la kumbadilisha, pauni 23 nyingine, siku hiyohiyo.

Lakini kabla hujalipa hata senti, fanya ukaguzi huu. Ingia kwenye rejista ya makampuni ya Companies House, ni bure, uandike jina lililo kwenye leseni. Kampuni ikifutwa au ikifilisika, leseni hukoma saa hiyo, ingawa karatasi bado inang'aa ukutani. Kuna siku 28 tu za kuiokoa kwa ombi la kuhamisha. Zikipita, unaanza upya na karatasi yako ya bluu. Ndivyo watu wanavyouziwa leseni mfu. Halafu piga simu halmashauri uulize kama ada ya mwaka imelipwa, na uombe nakala kamili ya leseni yenye masharti na ramani. Ule ukurasa wa ukutani ni muhtasari.

Ramani uilinganishe na chumba. Kama kaunta imehamishwa au ukuta umevunjwa, inahitajika marekebisho. Madogo yana njia yake fupi: pauni 89, tangazo jeupe mlangoni kwa siku 10 za kazi, jibu ndani ya siku 15 za kazi. Njia hiyo haitumiki kuongeza muda wa kuuza pombe wala kuanzisha uuzaji usiokuwepo. Na ukilipata sharti la ajabu ambalo bwana yule aliliahidi enzi zake, sasa ni lako wewe, hadi uombe liondolewe.

Hatuna leseni. Je, wateja wakija na bia zao? Na je, nikiwapa glasi ya mvinyo bure kila anayeagiza sinia la biriani? — Msomaji, Barking

Wakija na zao, wakanywa, hujauza pombe, kwa hiyo leseni haihitajiki. Hata ukitoza kidogo kwa glasi na kufungua chupa, unatoza huduma. Tahadhari ni mbili. Soma mkataba wa pango, maana wenye majengo wengine wanakataza. Na bia isiwe inakaa kwenye friji yako tangu jana. Ofisa akikuta kreti ndani ya stoo, hadithi ya "ni za mteja" haitamwingia akilini.

Hiyo ya bure si bure. Glasi inayopatikana kwa sharti la kulipia sinia imeuzwa ndani ya bei ya sinia. Adhabu ya kuuza bila leseni ni faini isiyo na kikomo, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili.

Na wewe na wengine msiouza pombe kabisa: chakula au kinywaji cha moto kikiuzwa kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri kinahitaji leseni ya jengo. Chai ya maziwa ya saa sita usiku imo.

Tunataka usiku mmoja tu wa mkesha wa mwaka mpya, wenye muziki na bia. — Kikundi cha akina mama, Milton Keynes

Mama zetu, hapo hamhitaji leseni kamili, mnahitaji taarifa ya tukio la muda, TEN kwa lugha ya ofisi. Ni pauni 21, watu wasizidi 499 kwa wakati mmoja pamoja na wahudumu, na tukio lisizidi saa 168. Asiye na leseni binafsi anaweza kutoa taarifa tano kwa mwaka, mwenye nayo hamsini. Ukumbi mmoja nao una kikomo cha mwaka, hivyo muulizeni mwenye ukumbi zimebaki ngapi.

Kinachowakwaza watu ni hesabu ya siku. Taarifa ifike siku 10 za kazi kabla, na siku ya kupokelewa haihesabiwi, wala siku ya tukio. Tuseme tukio ni Jumamosi tarehe 20: rudi nyuma kuanzia Ijumaa tarehe 19, ruka Jumamosi na Jumapili, siku ya kumi itaangukia Jumatatu tarehe 8. Kwa hiyo mwisho ni Ijumaa tarehe 5. Kwa mkesha wenu, Krismasi na siku inayofuata ni sikukuu na zinaila hesabu hiyo. Msingoje Desemba, pelekeni Novemba. Ipo taarifa ya kuchelewa, ya siku tano hadi tisa, lakini polisi au watu wa kelele wakiipinga tu imekufa, hakuna kikao cha kujitetea. Iliyopelekwa kwa wakati ikipingwa, mnasikilizwa.

Mwanangu ana miaka 17 na hunisaidia kuhudumu. Anaruhusiwa kubeba bia? Na familia ikija, kijana wa miaka 16 akanywa? — Msomaji, Coventry

Mwanao anaweza kuhudumu pombe inayonywewa pamoja na mlo, katika sehemu iliyotengwa kwa wanaokula mezani. Kwenye kaunta ya wanaokunywa tu, kila uuzaji wake uidhinishwe na mtu mzima aliyepewa jukumu hilo.

Kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kunywa bia, mvinyo au saida (pombe ya tufaha) mezani pamoja na mlo, akiwa na mtu mzima, na mtu mzima huyo ndiye anunue. Pombe kali haimo, hata tone la Konyagi. Ruhusa ya sheria haikulazimishi. Migahawa mingi imeweka kanuni ya kutompa yeyote aliye chini ya 18, na kwa mahali padogo tunaona hiyo ndiyo rahisi kuisimamia.

Ofisa wa leseni alikuja, akasema menyu yetu ina kosa kwa sababu mvinyo ni glasi ya mililita 175 tu. Kosa liko wapi? Halafu, tukiweka meza mbili nje? — Msomaji, Bristol

Leseni zote zina masharti ya lazima yasiyoandikwa na halmashauri. Moja ni vipimo vidogo: mvinyo wa glasi upatikane kwa mililita 125, jini, ramu, vodka na wiski kwa 25 au 35, bia ya bomba kwa nusu painti, na menyu ivioneshe. Si marufuku kuuza 175, marufuku ni kukosa 125. Ongezeni mstari mmoja kwenye menyu mmemaliza. Mengine ya aina hiyo ni maji ya bomba ya bure kwa anayeomba, kutouza chini ya jumla ya ushuru na VAT, na kutofanya mashindano ya kunywa.

Meza za nje ni ruhusa ya pili, kibali cha kuweka samani kwenye njia ya miguu, hadi pauni 500 kwa anayeomba mara ya kwanza. Hicho hakigusi pombe. Kama ramani ya leseni inaishia kizingitini, glasi inayouzwa ndani na kunywewa nje ni pombe ya kuondoka nayo, na leseni ya "kunywa hapahapa" pekee haiiruhusu. Angalieni ukurasa wa kwanza wa leseni umeandikwa nini.

Kuna jamaa ana bei nzuri sana ya bia, analeta na gari usiku, hana risiti. Wenzangu wote wananunua kwake. — Msomaji, Birmingham

Acha, ndugu yetu. Muuzaji wa jumla wa pombe lazima awe amesajiliwa na mamlaka ya kodi, HMRC, na ana namba ambayo huandikwa kwenye ankara. Namba hiyo unaiingiza kwenye ukurasa wa HMRC ukaiona hai au mfu. Mnunuzi naye ana wajibu wa kuhakiki, hivyo "sikujua" haikusaidii. Hifadhi ankara kwa tarehe, na siku uliyohakiki namba iandike juu yake kwa kalamu.

Mtu yeyote anaweza kuomba leseni yako ipitiwe upya: polisi, maofisa wa biashara, jirani. Kamati ileile ya madiwani watatu inaweza kuongeza masharti, kumwondoa msimamizi mteule, kusimamisha leseni hadi miezi mitatu, au kuifuta. Mwongozo wa serikali unawataka wafikirie kufuta hata kwa kosa la mara ya kwanza, ikiwa jengo limetumika kwa uhalifu mzito, na wametaja wazi pombe ya magendo na kuajiri watu wasio na haki ya kufanya kazi. Kama kreti zake bado ziko stoo, zitoe kwenye rafu leo, usiziuze, na upige simu ofisi ya maofisa wa biashara ya halmashauri yako kabla wao hawajakupigia.